MNAJUA MIFUMO YENU IMEEGEMEA WAPI? TUONYESHENI DAFTARI!

KIJIWE chetu cha Lemara hakina mwenyekiti wala katibu. Kina benchi moja la mbao, jiko la mkaa la mama anayeuza chai na chapati, na vijana wanane mpaka kumi ambao kila mmoja mkate wake unapita kwenye waya: kinyozi, fundi wa kuchomelea mageti, fundi simu, wakala wa kutuma pesa, na chalii mmoja aliyemaliza diploma ya kompyuta akaishia kuchapa barua za watu kwa bei ya andazi.

Wiki hii huyo chalii wa kompyuta alitupa swali ambalo mpaka naandika hapa halijanitoka kichwani. Alisema hivi: "Kaka, hii mifumo yote ya serikali, ya umeme, ya kodi, ya hospitali, ya kulipia faini, ndani yake kuna vipande vilivyotengenezwa na watu wengine kabisa. Sasa kipande kimoja kikiharibika, nani mwenye orodha ya kusema hiki kinatumiwa na fulani na fulani?"

Kijiwe kizima kikanyamaza. Nami nikaona niwapelekee swali hilo wenye nchi yao, maana sisi ni wapangaji tu.

Ndugu msomaji, usifikiri hili ni jambo la wasomi wa Tengeru peke yao. Hili ni jambo la tumbo. Turudi Mei 2021. Wateja wa LUKU nchi nzima walishindwa kununua umeme kwa simu kama walivyozoea, na hali hiyo ikaendelea kwa siku kadhaa. Foleni zikapangwa kwenye ofisi za TANESCO kama foleni za sukari za mwanzoni mwa miaka ya themanini. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Dk. Medard Kalemani, akaagiza maofisa wa kompyuta wa shirika wasimamishwe kazi. Magazeti yakaandika, redio zikatangaza, wakubwa wakapiga picha. Kisha umeme ukaanza kununuliwa tena, na habari ikaishia hapo.

Mwananchi wa kawaida alibaki na neno moja tu: HITILAFU. Neno hili linapendwa sana na vigogo wetu. Maji hayatoki, hitilafu. Mtandao hakuna, hitilafu. Hitilafu haina jina, haina baba, haina tarehe ya kuzaliwa, na haijawahi kupelekwa mahakamani.

Mimi sina ugomvi na kumsimamisha mzembe. Lakini kumsimamisha mtu si kujibu swali. Ni kipande gani kiliguswa? Kilikuwa kinatumiwa na mifumo mingapi? Aliyekigusa alipewa orodha ya watakaoumia kabla hajakigusa, au alitupwa gizani akaambiwa aende kwa kupapasa? Mfungie mtu macho, mtume jikoni, akivunja sufuria mfukuze kazi. Huo ndio utawala bora?

MAKTABA SI YA VITABU

Tuelewane kwanza, maana mambo haya hufichwa kwa maneno magumu ili vijana wasiulize.

Programu ya kompyuta haiandikwi yote kutoka mwanzo. Kuna kazi ambazo kila programu inazihitaji: kusoma tarehe, kupanga majina, kuhesabu riba, kuandika kumbukumbu za nani kaingia na nani katoka. Mafundi hutengeneza vipande vya kazi hizo mara moja, wakaviweka mahali pamoja, na kila programu ikihitaji huenda kuchukua. Mahali hapo panaitwa maktaba. Programu mia moja zinaweza kuegemea maktaba moja, na mwenye programu ya tisini na tisa hajui kabisa kwamba ya kwanza ipo.

Wazee wetu wa miteremko ya Meru hawakuhitaji kompyuta kulielewa hili. Mfereji unashuka kutoka juu, unapita mashamba mengi, kila mmoja anachepusha maji kwake kwa zamu. Mzee wa mfereji hawezi kuamka asubuhi akauziba kwa sababu tu anataka kukarabati. Anajua nani yuko chini, nani zamu yake leo, nani ana miche iliyopandwa juzi. Akiuziba bila kujua, jioni atafuatwa na watu wenye majembe mikononi, na si kwa ajili ya kulima.

Sasa niambieni, katika mifereji ya kompyuta za serikali, mzee wa mfereji ni nani?

Jambo lenyewe ni la zamani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Waingereza iliyoitwa ICT 1500. Kufikia 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Saba! Kijiwe chetu leo kina simu zenye nguvu kuliko zote saba zikiunganishwa. Mwaka huohuo wa 1974 serikali ya chama kimoja ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mashine zilikuwa ghali, fedha za kigeni hakuna, na wataalamu walikuwa wa kukodi. Lakini badala ya kuwafundisha vijana kuifungua mashine na kuijua ndani, mlango ukafungwa. Kaka zetu wa umri huo wakakua wakiisikia kompyuta kama hadithi ya majini. Mlango ulipokuja kufunguliwa, tukawa wanunuzi. Na mnunuzi hupewa boksi lililofungwa.

KOMPYUTA KUBWA ZINAVYOFANYA

Wenzetu wenye kompyuta kubwa, zile za ukubwa wa kabati ambazo mabenki makubwa duniani yanaziendesha mpaka leo, walilikuta tatizo hili zamani. Nililipia chai tatu ili nieleweshwe vizuri, kwa hiyo nisikilizeni.

Katika kompyuta kubwa za IBM mfumo wenyewe huandika. Kazi inapofungua faili na kulifunga, hubaki alama: kazi fulani, faili fulani, saa fulani. Kumbukumbu hizo wanaziita SMF, na zile za aina ya 14 na 15 ndizo zinazohusu mafaili ya kawaida yaliyofunguliwa kusomwa au kuandikwa. Ukizikusanya ukazipanga, unapata picha ya nani anatumia maktaba gani. Hakuna uchawi wala mkopo wa Benki ya Dunia. Ni kuweka kumbukumbu na kuzisoma, kama mwenye duka la Unga Limited anavyoweka daftari la wanaodaiwa.

Lakini kuna mitego mitatu, na hapa ndipo unamtambua fundi wa kweli na fundi wa vyeti.

Mtego wa kwanza ni maktaba za wote. Kuna orodha ya maktaba ambazo mfumo huzifungua wenyewe unapowashwa na kuziacha wazi kwa ajili ya kila kazi. Kwa kuwa zimefunguliwa mara moja na mwenye nyumba, jina la mgeni anayechota ndani haliandikwi kwenye zile rekodi. Fundi wa haraka ataangalia, hataona jina la mtu, atasema: "Hii haina mtumiaji, tuifute." Kumbe ndiyo inayotumiwa na watu wote!

Mtego wa pili ni kipande kilichonakiliwa. Programu nyingine haziendi maktaba kila siku. Siku zilipotengenezwa, kipande kilinakiliwa na kushonewa ndani kama bitana ya koti. Unaweza ukabadilisha maktaba yote ukashangilia kwamba ubovu umekwisha, kumbe nakala ya ubovu uleule inaishi ndani ya programu hamsini. Hiyo huioni mpaka ufungue programu yenyewe uichungulie, au uwe na karatasi ya fundi aliyeishona. Na fundi aliyeishona alishalipwa, yuko kwao.

Mtego wa tatu ndio unaonitisha zaidi, nao ni kalenda. Ukifuatilia kwa mwezi mmoja utaziona kazi za kila siku na mishahara ya mwisho wa mwezi. Zile za mara moja kwa mwaka hutaziona. Mwaka wa fedha wa serikali yetu unafungwa tarehe 30 Juni. Kuna programu ambazo huamka usiku huo tu, zinafunga hesabu, zinalala tena miezi kumi na miwili. Mtu akifuatilia Septemba, akafuta Oktoba, atagundua alichofuta Juni ya mwaka unaofuata, wakati nchi nzima inangoja hesabu. Ndiyo maana mafundi waangalifu hufuatilia mwaka mzima na mwezi wa ziada.

Nilipoeleza hili kijiweni, fundi simu akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema yeye alishafanya kazi ya muda kwenye ofisi moja hapa mjini, ofisi yenyewe siitaji, ambako bwana mkubwa aliamuru folda la zamani lifutwe kwa sababu "linajaza nafasi". Wiki tatu zikapita, kila mtu akamsifu bwana mkubwa kwa usafi. Ikaja siku ya mishahara. Mishahara haikutoka. Kumbe programu ya mishahara ilikuwa inachota kipande kimoja kutoka folda lile, mara moja kwa mwezi. Waliofanya kazi usiku kucha kurudisha ni vijana wa mkataba. Bwana mkubwa alikwenda semina.

MIFUMO ISOMANE, LAKINI...

Sasa tuje kwenye hatari ya leo. Rais Samia ameagiza zaidi ya mara moja kwamba mifumo ya serikali isomane. Nakubali kabisa. Ni aibu mwananchi kubeba fotokopi ya kitambulisho kutoka dirisha moja hadi jingine wakati madirisha yote ni ya serikali hiyohiyo.

Lakini kusomana ni kuegemeana! Mfumo A ukisoma B, na B ukisoma C, siku C ikipata mafua A atapiga chafya. Angalieni malipo ya serikali. Tangu 2017 kuna mfumo mmoja wa GePG unaotoa ile namba ya malipo ambayo kila mtu anaiita kontroli namba. Leseni, faini, ada, kibali, vyote unaambiwa nenda na kontroli namba. Ni jambo zuri, limepunguza mkono wa karani kwenye droo. Lakini ni mfereji mmoja unaomwagilia mashamba mengi sana. Kadiri tunavyounganisha bila daftari, ndivyo tunavyojenga ghorofa bila ramani, kisha tunawaambia wapangaji wapya wapige misumari wanapotaka.

Kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na kuna Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria hiyo. Mimi sisemi hawana daftari. Huenda wanalo, huenda ni zuri kuliko la IBM. Ninachosema ni kwamba sisi tunaolipa hatujawahi kuonyeshwa hata jalada lake. Nchi hii imegombana miaka mingi kuhusu daftari la wapiga kura, na upinzani ulikuwa na haki ya kugombana. Hili nalo ni daftari, kijana. Yule asiyetaka ulione ujue ana sababu.

Na dunia imeshapata somo. Desemba 2021 ulitangazwa hadharani ubovu kwenye maktaba moja ndogo iitwayo Log4j, kazi yake ni kuandika kumbukumbu za programu tu. Inatolewa bure na hutunzwa na watu wachache wanaojitolea. Ubovu wenyewe ulimruhusu mtu wa mbali kuamrisha kompyuta ya mwenzake kwa kutuma maneno machache. Dawa ilitoka ndani ya siku chache. Shida haikuwa dawa! Shida ilikuwa kwamba makampuni makubwa na serikali za mataifa tajiri hazikujua maktaba hiyo imo ndani ya programu zao zipi. Watu wa kompyuta walikula Krismasi ofisini wakipekua boksi moja baada ya jingine. Wenye orodha walimaliza mapema wakaenda kulala.

Miezi saba kabla ya hapo, tarehe 12 Mei 2021, Rais wa Marekani Joe Biden alisaini amri iliyotaka wanaoiuzia serikali yake programu watoe orodha ya vipande vilivyomo ndani, kama maandishi ya nyuma ya pakiti ya biskuti yanayosema unga kiasi fulani, sukari kiasi fulani. Mei 2021! Mwezi uleule ambao sisi tulikuwa kwenye foleni za LUKU. Ulaya nao mwaka 2024 wakatunga sheria inayodai orodha ya namna hiyo kwa bidhaa zenye programu zinazouzwa kwao. Biskuti ya Shilingi mia tano ina orodha ya vilivyomo. Mfumo wa mabilioni ya kodi zetu, je?

Msije mkasema haiwezekani kwa Mwafrika. Imeshawezekana hapahapa. Mita za LUKU zinahesabu umri wa tokeni kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyowekwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu. Dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024, na mita ambayo haijarekebishwa ingekataa tokeni mpya. Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyokuwa tunapewa makundi matatu ya namba ishirini ishirini, tukaambiwa tuyaingize kwa mpangilio? Wengi tulitukana, hata mimi nilitukana. Lakini ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Tarehe ikafika, ikapita, hatukuingia gizani.

Kwa nini hilo lilifanikiwa? Kwa sababu kila mita ina namba yake na shirika linajua ipo. ORODHA ILIKUWEPO. TANESCO wapewe sifa yao kwa hilo, sisi si watu wa kupinga kila kitu. Sasa kama mita ya chumba kimoja cha kupanga Lemara inajulikana kwa namba, kwa nini kipande cha programu kinachobeba mapato ya nchi kisijulikane?

Najua jibu litakalotoka ofisini: "Hayo ni mambo ya usalama wa taifa." Wimbo wa siku zote. Basi msiubandike ukutani. Hatukuomba mbandike kwenye nguzo za umeme. Mpeni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mpeni Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali wakae nao mlango umefungwa. Adui wa nje, akiutaka ubovu wetu, ana vyombo vya kuupapasa kutoka mbali bila kutuomba ruhusa. Anayefichwa kwa siri hii ni mwenye nyumba peke yake.

Kuna jibu jingine wanalolijua lakini hawalisemi hadharani. Anayejua boksi lina nini ndiye anayeitwa likiharibika, na kila akiitwa kuna posho, tiketi na mkataba wa matengenezo. Daftari likiwa wazi, kijana yeyote mwenye akili kutoka Chuo cha Uhasibu Njiro au Chuo cha Ufundi Arusha anaweza kulishika boksi. Ulaji wa mtu utakwenda wapi?

Sisi wa Arusha tunajua gharama ya kuvunja kitu bila orodha. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao makuu yake mji huu huu, ikafa mwaka 1977. Reli na ndege makao yao yalikuwa Nairobi, posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam. Kila nchi ilikuwa imeegemea kitu kilicho kwa jirani. Ilibidi atafutwe msuluhishi Mswisi, Dk. Victor Umbricht, kuhesabu mali na madeni. Makubaliano ya mgawanyo yalisainiwa hapa Arusha Mei 1984. MIAKA SABA!

Tunachodai hakizidi karatasi. Kila mkataba wa programu wa serikali uwe na kifungu: muuzaji akabidhi orodha ya maktaba zote zilizomo, na toleo la kila moja, na asilipwe malipo ya mwisho mpaka aikabidhi. Kila wizara iwashe ufuatiliaji kwenye mifumo yake na uachwe mwaka mzima, Juni 30 ikiwemo. Kazi ya kupekua wapewe vijana wanaomaliza vyuo, kwa mkataba na mshahara, si kwa kujitolea. Na siku mfumo ukianguka, kabla waziri hajamsimamisha mtu mbele ya kamera, atusomee kwanza jina la kipande kilichoanguka na majina ya mifumo iliyokiegemea.

Waheshimiwa wabunge, msingoje bajeti. Mkaguzi Mkuu anaingia kwenye mavitabu ya serikali kila mwaka wa fedha. Safari hii mwombeni aongeze swali moja kwa kila ofisa masuuli: daftari la mfumo wako liko wapi, na limesasishwa lini? Majibu tutayachapa hapa, wizara kwa wizara, pamoja na majina ya watakaokataa kujibu.